Mwongozo kamili: jinsi ya kufanya risasi unazojaza mwenyewe zikusanyike vizuri kwenye raifo ya leva

Huu mwongozo ni kwa ajili ya wenzetu walioko Marekani wenye raifo ya leva (ile unayoikoki kwa wenzo ulio chini karibu na traiga), hasa ya .30-30 (aina ya risasi ya kuwindia), ambao tayari wana presi (mashine ya mkono ya kujazia risasi) nyumbani na wanajaza risasi zao wenyewe, lakini wakienda kulenga matundu yanatawanyika kwenye karatasi kama hayajuani. Nitaenda hatua kwa hatua, mahali pengine nitakaa sana kwa sababu ndo penye kazi yenyewe, kwingine nitapita haraka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwenye raifo ya leva usahihi unatoka kwenye urefu wa maganda (vile vikombe vya shaba vinavyobeba baruti), kwenye namna unavyobana mdomo wa ganda, na kwenye mtutu ambao haubanwi vibaya wala haupati moto. Watu wanakesha wanapima baruti punje kwa punje huku maganda yao kila moja lina urefu wake, hapo unachoka bure.

Sheria kwanza, maana hii inawahusu wengi wetu na haisemwi. Kwa sheria ya shirikisho kujaza risasi za kutumia mwenyewe hakuhitaji leseni, ila ukianza kutengeneza za kuuza lazima uwe na leseni, na majimbo nayo yana masharti yao juu ya hayo. Kama uko Marekani kwa viza ya muda, mfano F-1 ya masomo au H-1B ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza kabisa kumiliki bunduki AU risasi, isipokuwa uwe kwenye zile nafuu chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, kwa hiyo usije ukaharibu makaratasi yako kwa ajili ya hobi, muulize wakili kwanza. Na ndugu zangu mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, msijaribu haya nyumbani.

Kwanini leva ni tofauti na bolti

Winchester Model 1894 ilibuniwa na John Browning, na mwaka 1895 ikaanza kuuzwa na .30-30, moja ya risasi za kwanza kabisa za kuwindia Marekani kubuniwa kwa baruti isiyo na moshi. Marlin 336 ikaja 1948. Raifo hizi mbili ndo utazikuta kwenye nyumba nyingi za wawindaji wa kulungu, na nyingi ni za kurithi au za mtumba.

Risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, zimepangana moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii inagusa fataki (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) ya ile iliyo mbele yake, na springi inazisukuma muda wote. Halafu bolti yake, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inajifungia kwa nyuma, haijifungii mbele karibu na chemba (mahali risasi inapokaa ikifyatuliwa) kama raifo nyingi za bolti, zile unazofungua kwa kuzungusha mkono wa bolti, kwa hiyo ukifyatua chuma kinanepa kidogo na ganda linavutika zaidi. Tatu, mtutu ni mwembamba na umening'inizwa vitu, kuna bomba, kuna pete za chuma, kuna mbao ya mbele, vyote vinaugusa mtutu na vyote vinapanuka kwa joto. Na mwisho leva haina nguvu kubwa ya kusukumia ganda lililobana kwenye chemba, bolti ya kuzungusha ingelilazimisha, leva inagoma tu.

Ukishayaelewa hayo manne karibu kila ushauri hapa chini unajieleza wenyewe.

Hatua ya 1: raifo kwanza, presi baadaye

Usijaze hata risasi moja ya majaribio kabla hujaikagua bunduki. Hakikisha haina kitu ndani, chemba na bomba vyote viwili, angalia kwa macho na uingize kidole, leva zina tabia ya kuficha risasi ya mwisho kwenye bomba.

Kaza skrubu zote, hasa ile inayoshika kitako kwenye mwili wa bunduki, kitako kikicheza hata kidogo hakuna risasi itakayokuokoa. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi na kioo cha kukuzia. Winchester 94 husafishwa kupitia mdomoni kwa sababu kwa nyuma hakupitiki kirahisi, sasa miaka mingi ya fimbo ya chuma kusugua pale mdomoni inakula ule ukingo ambao risasi inauaga mwisho, na ukingo ukishalika upande mmoja gesi inatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Fundi bunduki anaweza kuukata upya na si kazi kubwa. Ukiisafisha tumia kifaa cha kuongoza fimbo kikae katikati. Wenye Marlin 336 mna raha, unafungua skrubu moja ya leva, unatoa leva, bolti na kile kipande kidogo cha kutupia maganda, unasafisha kutokea nyuma.

Mtutu wa zamani mara nyingi umejaa shaba ya miaka mingi, usafishe kwa dawa ya kutoa shaba mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya bluu au kijani. Kama raifo ni ya kale sana au huijui historia yake, mpelekee fundi aipime chemba na kufunga kwake kabla ya kitu chochote.

Pete na bomba sasa. Zikibana sana mtutu ukipata moto unasukumwa upande mmoja, na matundu yanapanda au kutelemka kila unavyofyatua. Mbao ya mbele isiwe imekazwa kwa nguvu kiasi cha kusukuma mwili wa bunduki, iwe na nafasi nyembamba sana, unene wa karatasi unatosha. Sishauri ukate au kuchonga chochote mwenyewe kama hujawahi, hapo fundi anajua zaidi.

Kisha nunua boksi moja au mawili ya risasi za dukani, ufyatue uone bunduki inafanya nini. Hicho ndo kipimo chako cha kuanzia. .30-30 iliyo nzima ikikusanya ndani ya inchi 2 mpaka 3 kwenye yadi 100 imefanya kazi yake, zipo zinazokaribia inchi moja na nusu na mwenye nayo ashukuru. Ukitaka matokeo ya raifo ya mashindano umekosea mlango.

Hatua ya 2: saiti, kwa sababu jicho linadanganya

Hapa wengi wanalaumu risasi kumbe tatizo ni saiti, vile vya kulengea. Shanga ya mbele, ile ya kulengea iliyo mdomoni mwa mtutu, yenye upana wa 1/16 ya inchi inafunika karibu inchi 7 kwenye karatasi iliyo yadi 100. Inchi saba! Sasa unawezaje kujua kama mzigo huu (kiasi cha baruti ulichojaza) unakusanya inchi 2 na ule inchi 3 wakati shanga yenyewe inafunika zote mbili?

Kwa ajili ya majaribio funga darubini, hata kama msituni hutaitumia. Marlin 336 inaipokea kirahisi kwa sababu inatupa maganda pembeni, Winchester 94 za zamani zinatupa juu kwa hiyo darubini inakuwa taabu. Huko weka saiti ya tundu nyuma, ile unayochungulia kwenye kitundu, ni bora mara nyingi kuliko ile ya kiwandani yenye pembe mbili. Na chagua shabaha kubwa nyeusi ya duara, shanga uiweke chini yake kabisa iguse ukingo, usiiweke katikati, maana ukingo jicho linauona kila mara vilevile ila katikati ya weusi hapaonekani.

Hatua ya 3: chagua kichwa cha risasi

Kanuni isiyo na mjadala: kwenye bomba tumia vichwa (kile kipande cha mbele kinachoruka) vyenye ncha bapa, au vile vilivyotengenezwa maalum kwa bomba kama FTX ya Hornady yenye ncha laini ya plastiki inayobonyea. Kichwa chenye ncha kali usikiweke kwenye bomba HATA SIKU MOJA, bunduki ikipiga teke ile ncha inaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele na ikalipuka ndani ya bomba, mkono wako wa kushoto uko palepale.

Kipenyo ni inchi .308. Uzito wa kawaida ni greni 150 na greni 170 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama 15 hivi kwa gramu moja), na mtutu mwingi wa .30-30 una mzunguko wa 1 kwa inchi 12 kwa hiyo vyote viwili vinatulia bila shida. Mimi ningeanza na 170 kwa sababu ni kirefu zaidi, kinashikwa na shingo ya ganda vizuri, na kwa raifo nyingi ndo kinakusanya. Lakini raifo yako ndo itaamua, nunua boksi moja la kila uzito.

Angalia kichwa kiwe na mfuo wa kuzunguka, ule mstari uliochimbwa ambao mdomo wa ganda unabanwa ndani yake. Bila mfuo kwenye bomba usikitumie.

Hatua ya 4: maganda, na hapa tutakaa

Tenganisha maganda kwa chapa iliyo kwenye kitako, usichanganye viwanda viwili kwenye kundi moja la majaribio. Ganda la kiwanda hiki lina ukuta mnene, la kiwanda kile ni jembamba, nafasi ya ndani inatofautiana na presha inatofautiana, na shingo inashika kichwa kwa nguvu tofauti. Ikiwezekana yawe yamefyatuliwa kwenye raifo hiyohiyo yako na idadi ya mara yalizofyatuliwa iwe sawa.

Kagua kila moja. Ufa mdomoni, tupa. Kisha chukua waya mwembamba uliokunjwa ncha kama ndoano, uingize ndani ukwaruze ukuta karibu na chini, ukihisi mfereji umezunguka pale au kwa nje ukiona mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, tupa hilo ganda, linakaribia kukatika vipande viwili ndani ya chemba. Kwenye leva hili hutokea mapema kuliko kwenye bolti, na sababu yake ndo naieleza sasa.

Ganda la .30-30 lina ukingo nyuma na ule ukingo ndo unaolizuia lisizame kwenye chemba. Viwanda vinajua hivyo kwa hiyo chemba nyingi zinachongwa na nafasi kubwa kwa mbele, begani, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Ukifyatua bega linasukumwa mbele kujaza nafasi. Sasa wewe unafuata maelekezo ya kalibu (kile chuma cha kwenye presi kinacholirudisha ganda kwenye umbo lake), unaizungusha mpaka iguse kishikio cha ganda, unavuta presi, na bega linarudishwa nyuma kabisa mpaka lilipokuwa dukani. Ukifyatua tena linaenda mbele tena. Nenda rudi, nenda rudi, shaba inakonda palepale juu ya kitako mpaka inakatika, na kwa upande wa usahihi ganda halikai katikati ya chemba bali linalala chini.

Dawa yake ni kurekebisha kalibu. Pima bega la ganda lililofyatuliwa kwa kalipa na kile kipande cha kupimia bega, halafu zungusha kalibu kidogo kidogo mpaka bega lirudi nyuma elfu 2 mpaka 3 za inchi, yaani .002 mpaka .003, basi. Kisha chukua hilo ganda tupu uliweke kwenye raifo ufunge leva. Ifunge bila kusukuma kwa nguvu. Ikigoma rudisha bega kidogo tena, kwa sababu leva haisamehi na risasi inayogoma ukiwa porini haina maana hata kama inapita tundu lilelile. Wapo wanaobana shingo tu na kuliacha ganda zima, kwa bolti sawa, kwa leva mimi siishauri, baada ya kufyatua mara mbili tatu ganda linaanza kubana.

Usisahau kupaka grisi ya kubania kabla, nyembamba, na ndani ya shingo pia kidogo. Grisi ikizidi begani inabonyeza ganda.

Sasa urefu. Urefu wa juu kabisa wa ganda la .30-30 ni inchi 2.039. Mimi naangalia zaidi usawa: kata yote mpaka urefu mmoja, wengi hukata karibu na inchi 2.03, na hata kama ganda limo ndani ya kipimo bado likate lilingane na wenzake. Kwenye bolti watu wanakata ganda likizidi tu. Kwenye leva unakata YOTE kila kundi, kwa sababu mdomo ndo utakaobanwa, na ganda refu kwa elfu 5 za inchi litabanwa sana wakati fupi litabanwa kidogo au lisibanwe kabisa. Shingo inayoshika kwa nguvu tofauti inaachia kichwa kwa presha tofauti. Ukifanya jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu wote, fanya hili.

Baada ya kukata lainisha ukingo wa ndani na wa nje wa mdomo, kidogo tu, usiuchonge uwe kisu. Safisha kitundu cha fataki.

Hatua ya 5: fataki

Ni zile kubwa za raifo, mfano CCI 200, Federal 210 au Winchester za aina hiyo. Usizibadilishe katikati ya majaribio. Izamishe mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako, pitisha kidole, ukihisi imechomoza irudishe kwenye kifaa na uisukume polepole ukiwa umevaa miwani ya kinga. Kwenye bomba fataki iliyochomoza ni hatari mara mbili, maana kuna ncha ya risasi nyingine imeegemea hapo.

Hatua ya 6: baruti

Mzigo wenyewe usiuchukue kwangu wala kwa mtu yeyote mtandaoni. Chukua kitabu cha kiwanda, Hornady, Lyman, Speer, au takwimu za Hodgdon ambazo wanazitoa bure, tafuta kichwa chako hasa na baruti yako hasa, uanze na mzigo wa chini ulioandikwa, upande taratibu na usivuke wa juu. Baruti zinazojulikana kufanya vizuri kwenye .30-30 ni IMR 3031, H4895, Varget, na ile ya Hodgdon inayoitwa LEVERevolution iliyotengenezwa kwa ajili ya raifo hizi. Napenda zile zinazolijaza ganda karibu na shingo, kwa sababu baruti haina nafasi ya kulala upande mmoja na pia ukikosea ukamimina mara mbili itamwagika utaiona.

.30-30 ina kikomo cha presha cha psi 42,000 (pauni kwa inchi ya mraba), ni chini sana ukilinganisha na risasi za kisasa. Maana yake ni kwamba zile dalili watu wanazozisubiri, fataki kubapa, leva kuwa nzito, zikitokea umeshapita mpaka zamani. Usizisubiri. Kitabu kikisema mwisho hapa, ni hapa.

Kupima: mizani iliyohakikiwa kwa jiwe la kipimo, usahihi wa greni 0.1 unatosha kabisa. Nikueleze kwanini. Kichwa cha greni 170 kinatoka kama futi 2,200 kwa sekunde, ukifanya hesabu ya kuanguka kwake mpaka yadi 100, tofauti ya futi 50 kwa sekunde kati ya risasi mbili inahamisha tundu chini ya robo inchi. Futi 50 ni tofauti kubwa, hata kipimio cha kumwagia baruti kikitumika vizuri kinakupa hizo au pungufu. Kwa hiyo anayehangaika na sehemu ya mia ya greni kwenye raifo inayokusanya inchi 2 anatafuta kitu ambacho hatakiona kwenye karatasi, bora huo muda akakate maganda.

Chupa moja tu ya baruti juu ya meza, nyingine zote kabatini kwenye vyombo vyake vya asili. Maganda yote kwenye kibao chenye matundu, ukimaliza kumimina pitisha tochi uangalie ndani ya kila moja, usawa wa baruti ulingane. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna bia.

Hatua ya 7: kukalisha kichwa na kubana mdomo

Fanya hizi kama kazi mbili, usizifanye kwa mvuto mmoja hata kama kalibu yako inaweza. Ukifanya pamoja, kichwa bado kinashuka wakati mdomo umeshaanza kubanwa, shaba inakwaruzwa na shingo inasukumwa chini, na bega la .30-30 ni laini, linavimba kidogo tu ambapo kwa jicho huoni lakini leva inagoma.

Kwanza kalisha vyote mpaka mdomo wa ganda ufike karibu na juu ya mfuo. Urefu wote wa risasi usizidi inchi 2.550, ikizidi hainyanyuki vizuri kutoka kwenye bomba kwenda chemba, na raifo nyingine zinakwama kabisa. Usifukuzie kichwa kiguse michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha, kama wenye bolti wanavyofanya, wewe mfuo ndo umekuamulia.

Sasa kubana. Njia ya kwanza ni kalibu ya kukunja mdomo uingie kwenye mfuo. Inafanya vizuri ila maganda LAZIMA yawe na urefu mmoja. Njia ya pili ni kalibu ya vidole vinavyobana kutoka pembeni, ile Lee Factory Crimp ndo maarufu, hii haijali sana urefu na haisukumi bega chini, kwa mtu anayeanza naipendekeza bila kusita na bei yake si kubwa.

Kiasi gani? Pitisha ukucha kutoka kwenye kichwa kushuka kwenye ganda, usikwame kwenye ukingo wa mdomo, na ukitazama kwa kioo uone mdomo umeingia kwenye mfuo bila kuchimba shaba ya kichwa. Ukibana sana unakikata kichwa kiuno na unaharibu usahihi, ukibana kidogo springi na teke la bunduki vitakisukuma kichwa ndani ya ganda na presha inapanda.

Jaribio la benchi: pima urefu wa risasi, isukume ncha yake kwenye mbao kwa nguvu ya mkono, pima tena, isipungue. Jaribio la uwanjani: pima risasi zote, jaza bomba, fyatua moja au mbili, kisha toa zilizobaki uzipime, ile iliyobaki ndani ya bomba wakati wenzake wanapiga teke ndo shahidi wako. Ikiwa imefupika ongeza kubana kidogo urudie.

Kabla ya yote hayo tengeneza risasi bandia chache, zisizo na fataki wala baruti, uziweke alama kubwa ya rangi, uzipitishe kwenye bomba na chemba kwa leva uone zinapita. Hii ukiiruka utakuja kugundua tatizo ukiwa umeshajaza boksi zima.

Hatua ya 8: kulenga kwa majaribio

Jaza kwa ngazi, kuanzia mzigo wa chini wa kitabu, ongeza nusu greni kila ngazi, risasi 5 kwa kila ngazi. Tatu hazitoshi, zinakudanganya kwa bahati. Anza na ngazi ya chini uwanjani pia, na kila ukipanda angalia ganda.

Mfuko wa mchanga uweke chini ya mbao ya mbele karibu na mwili wa bunduki, usiegemeze mtutu wala ncha ya bomba kwenye kitu kigumu, ukifanya hivyo raifo inaruka tofauti na matundu yanapanda juu. Shika vilevile kila mara, mkono wa kushoto ushike mbao kama utakavyoshika porini, maana raifo hizi ni nyepesi na zinaruka kulingana na mshiko.

Halafu subira. Fyatua, fungua leva, acha hewa ipite, subiri dakika moja au mbili. Mtutu ukifika mahali huwezi kuushika kwa mkono bila kuuachia, simama mpaka upoe. Kwenye msitu kulungu anapata risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi, kwa hiyo risasi ya kwanza ya kila kundi iandike peke yake, izungushie duara kwa kalamu. Mimi nathamini zaidi mzigo ambao risasi ya kwanza inaingia mahali pamoja leo na wiki ijayo kuliko kundi dogo la kupiga picha.

Kusoma karatasi: matundu yakipanda taratibu kwenda juu kadri unavyofyatua ni joto, rudi kwenye pete na mbao ya mbele. Yakitawanyika wima bila mpangilio angalia kubana mdomo na urefu wa maganda, kisha mshiko wako. Yakitawanyika kulia kushoto mara nyingi ni wewe, traiga nzito au saiti iliyolegea. Manne pamoja na moja mbali, usilifute tu hilo moja, chukua ganda lake ulipime, ndo maana unayaweka kwa mpangilio yanapotoka.

Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida au teke dhaifu, SIMAMA. Toa kila kitu, chungulia mtutu kutokea upande salama, huenda kichwa kimebaki ndani. Ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unapasuka.

Ukipata ngazi mbili zinazofuatana ambazo zote zinakusanya vizuri na zinapiga mahali pamoja, chagua iliyo chini. Hali ya hewa ikibadilika hautatoka nje ya eneo zuri.

Kuhusu vichwa vya risasi vya kumimina mwenyewe

Kwa kifupi, maana hii ni somo lake. .30-30 inapenda vichwa vya madini ya risasi vyenye kikofia cha shaba chini, Lyman 311041 ni kalibu ya kumiminia ya miaka mingi na bado inatumika. Siri iko kwenye kipenyo: sukuma kipande laini cha madini ndani ya mtutu ukipime, kisha kichwa kiwe kikubwa kwa elfu moja mpaka mbili za inchi. Marlin zenye michirizi mingi isiyo na kina, ile wanayoiita Micro-Groove, mara nyingi zinataka .310 au .311, ukiweka .309 zinatawanya na watu wanasema mtutu mbovu. Mdomo wa ganda upanue kidogo usikikwaruze kichwa. Yeyusha nje kwenye hewa, nawa mikono, na watoto wawe mbali kabisa.

Kuandika na kuweka

Kila boksi liandikwe: kichwa na uzito, baruti na namba ya toleo lake, uzito wa baruti, fataki, chapa ya ganda na limefyatuliwa mara ngapi, urefu wa ganda, urefu wa risasi nzima, tarehe. Boksi lisilo na maandishi usilifyatue, fungua risasi zake kwa kile kifaa chenye umbo la nyundo cha kutolea vichwa uanze upya.

Na ukinunua chupa mpya ya baruti ileile angalia namba ya toleo. Ikiwa ni nyingine, shuka ngazi mbili chini ya mzigo wako uupandishe tena taratibu ukiangalia matundu, ukibadilisha fataki au chapa ya maganda fanya hivyohivyo, na saiti uihakiki upya kabla msimu haujafunguliwa.